Mtoto aulizwe 'Umejuaje?': Kufundisha fikra tunduizi kwa vitendo katika shule za msingi za Meru na Embu

TANGU mwaka 1985 hadi 2023, mtoto aliyekamilisha elimu ya msingi nchini Kenya alipimwa kwa Mtihani wa KCPE ambao, ukiondoa insha za Kiswahili na Kiingereza, ulimtaka achague jibu moja kati ya manne. Mtihani huo umekwisha. Hata hivyo, tabia uliyoijenga kwa walimu, wazazi na wanafunzi, yaani kusaka jibu ambalo tayari limo mikononi mwa mtu mwingine, haiwezi kukoma kwa tangazo la serikali pekee.

Mtaala wa Umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeweka fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Kwa hivyo, mwalimu wa Gredi ya Nne huko Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago anatarajiwa kumfundisha mtoto wa miaka tisa au kumi namna ya kupima hoja, kutafuta ushahidi na kufikia uamuzi. Swali ni jinsi kazi hiyo inavyofanywa, kwa vifaa gani, na kwa nini masomo mengi yanayoitwa ya vitendo hayaifikii shabaha hiyo.

Maana yake

Fikra tunduizi si ukaidi wala ubishi. Ni uwezo wa mtu kutokubali wala kukataa kauli kabla hajauliza imetokana na nini. Mtoto mwenye uwezo huo hutofautisha alichokiona na alichokidhania, hutafuta sababu zaidi ya moja ya jambo lililotokea, na huwa tayari kubadili msimamo ushahidi unapomwelekeza kwingine.

Ujifunzaji unaotokana na tatizo ni mojawapo ya njia za kuukuza uwezo huo. Katika njia hii somo halianzi kwa kanuni na kuishia kwa zoezi. Huanza kwa tatizo halisi ambalo wanafunzi hawajui jibu lake, nao hulazimika kutumia mikono, macho na mazungumzo ya vikundi ili kulitatua. Kanuni huja baadaye, wakati ambapo mtoto ameshaihitaji.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo aghalabu hupuuzwa. Kufinyanga chungu kwa kufuata maelekezo ya mwalimu hatua kwa hatua ni kazi ya mikono, lakini si lazima iwe kazi ya fikra. Mwanafunzi aliyeambiwa achanganye nini, kwa kiasi gani na atapata nini, amekariri kwa vidole badala ya kukariri kwa ulimi. Kinachoigeuza shughuli kuwa somo la fikra ni kuwapo kwa jambo ambalo halijaamuliwa.

Wazo lenye historia

Wazo hili si geni duniani wala Afrika Mashariki. Mwanafalsafa John Dewey alifungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, mwaka 1896, ambako watoto walijifunza kwa kupika, kushona na kujenga. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilianza kuwafundisha madaktari kwa kuwapa matatizo ya wagonjwa badala ya mihadhara mitupu. Nchini Kenya, kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kilijengwa juu ya msingi huo tangu kuanzishwa kwake.

Kwa upande wa watoto wadogo, hatua muhimu ilipigwa mwaka 1965 katika mkutano uliofanyika Kano, Nigeria, ambapo mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika ulipata sura. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida: mchanga, mbegu, wino wa kujitengenezea, wadudu. Mojawapo ya mada zake ilihusu yule mdudu anayechimba kishimo chenye umbo la faneli mchangani ili kuwanasa sisimizi. Badala ya kusomewa habari zake, watoto walihimizwa kumuuliza mdudu mwenyewe, yaani kubuni majaribio ambayo yangeonyesha anachimbaje, anakula nini na anaelekea wapi.

Mtafiti Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, aliutathmini mradi huo nchini Kenya na kuueleza katika insha yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1972. Hakuwapa watoto maswali ya kuandika. Aliwaweka katika chumba chenye vifaa mbalimbali wakawa huru kufanya wapendavyo, kisha akatazama. Watoto waliopitia mradi walibuni mambo mengi zaidi na yenye uchangamano mkubwa zaidi kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Funzo lake ni kwamba mtoto aliyezoea kupewa nafasi ya kuwaza huwa na mawazo zaidi hata mbele ya vitu ambavyo hajafundishwa.

Mnamo 1998, Kenya kwa ushirikiano na Japani ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Baadaye, mwaka 2009, mafunzo hayo yalipanuliwa hadi kwa walimu wa shule za msingi. Nguzo zake nne zilikuwa shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa kutokana na vilivyopo. Kwa hivyo, Mtaala wa Umilisi haukuleta jambo jipya kabisa. Ulichofanya ni kulihamisha kutoka semina za walimu hadi katika silabasi ya kila mtoto.

Ushahidi kutoka Kyeni

Kaunti ya Embu ina nafasi ya pekee katika elimu ya jinsi akili ya mtoto inavyokua. Katika eneo la Kyeni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiwemo Prof Nimrod Bwibo na Dkt Charlotte Neumann, waliwafuatilia watoto katika vipindi viwili tofauti.

Walipolinganisha watoto wa takriban miaka saba waliopimwa mwaka 1984 na wale waliopimwa mwaka 1998, waligundua kwamba alama katika jaribio la mafumbo ya michoro, ambalo hupima uwezo wa kuwaza pasipo kutegemea maneno, zilikuwa zimepanda kwa takriban pointi 26 kwa kipimo cha akili kinachofahamika kama IQ. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Watafiti waliyahusisha na mambo kama vile wazazi kujua kusoma, mabadiliko katika familia, na lishe na afya ya watoto. Urithi wa damu hauwezi kubadilika kiasi hicho kwa miaka 14.

Utafiti wa pili ulifanywa kati ya mwaka 1998 na 2000 katika shule 12 za msingi, ukianzia Darasa la Kwanza. Baadhi ya shule zilipewa githeri iliyoongezwa nyama, nyingine githeri na maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la mwisho halikupewa chakula shuleni. Watoto waliokula nyama walipiga hatua kubwa zaidi katika jaribio lile la mafumbo, na katika uwanja wa michezo walionekana kuchangamka na kuwaongoza wenzao zaidi. Kundi la maziwa halikuonyesha ubora huo katika mafumbo.

Tafiti hizo hazikupima mbinu za kufundishia. Lakini zinaondoa kisingizio kimoja kikubwa, kwamba wapo watoto wa mashambani ambao hawakuumbiwa kuwaza. Uwezo wa kuwaza hupanda na kushuka kulingana na yale ambayo watu wazima wanamfanyia mtoto. Zinakumbusha vilevile kuwa tumbo tupu haliketi vizuri na swali gumu.

Somo la gunia la mahindi

Mfano mmoja unaweza kuonyesha jinsi somo la aina hii linavyoendeshwa. Tatizo lenyewe linafahamika katika kila boma la Meru na Embu: familia mbili zimevuna mahindi wakati mmoja, lakini baada ya miezi michache gunia la mmoja limegeuka unga kwa sababu ya fukusi, ilhali la mwenzake ni zima. Kwa nini?

Mwalimu haelezi. Anawaachia wanafunzi wakisie. Mmoja atasema gunia lilikuwa la zamani na wadudu walikuwa wamejificha ndani. Mwingine atasema mahindi hayakukauka vizuri. Wa tatu, aliyemwona nyanya yake akichanganya nafaka na majivu, atasema siri ni majivu. Makisio yote yanaandikwa ubaoni, hata lile linalotaja uchawi, maadamu kila mmoja ataulizwa swali lilelile: tutajuaje kama ni kweli?

Kikundi cha majivu kinachukua chupa mbili zinazopenyeza mwanga. Kila moja inatiwa mahindi makavu ya kiasi kilekile na fukusi kumi walio hai, kisha mdomo unafungwa kwa kitambaa chepesi. Moja inatiwa majivu ya jikoni, nyingine haitiwi. Kila wiki watoto wanahesabu wadudu na punje zilizotobolewa, wanajaza jedwali na kuchora grafu. Fukusi huchukua takriban wiki tano kutoka yai hadi mdudu mzima katika joto la nyuzi 27, na zaidi ya hapo penye baridi. Kwa hivyo, darasa lililo karibu na msitu wa Mlima Kenya litasubiri kwa muda mrefu kuliko lile la Kiritiri, na tofauti hiyo yenyewe ni swali jingine zuri.

Sasa tuseme wanafunzi wameiweka chupa yenye majivu dirishani penye jua, na ile isiyo nayo kabatini. Mwalimu aliyezoea mtindo wa kale atawakemea na kuzihamisha. Mwalimu wa fikra tunduizi atauliza: "Wadudu wakipungua katika chupa hii, mtajuaje kwamba ni majivu na si jua?" Kimya kitakachofuata ndicho kiini cha somo. Mtoto anayetambua mwenyewe kwamba vitu viwili vilivyobadilishwa kwa pamoja haviwezi kutoa jibu moja, amepata kanuni ambayo wanasayansi wanaitegemea kila siku, na hataisahau kwa sababu aliihitaji.

Kikundi cha unyevu kinahitaji tahadhari. Mahindi mabichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, katika iliyokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hivyo, chupa hiyo hufungwa kabisa, hutazamwa kwa nje, na hatimaye mwalimu huizika. Hapaswi kuwapa kuku mahindi hayo. Watoto wakielezwa sababu, wanaelewa pia kwamba kukausha nafaka si desturi tu ya wazee bali ni jambo la uhai na kifo.

Hesabu za sokoni

Hisabati nayo haikosi matatizo. Mfanyabiashara mmoja anauza maharagwe kwa gorogoro moja Sh260, mwingine anayapima kwa mizani, kilo moja Sh140. Nani ana bei nafuu? Mtoto aliyefundishwa kuwa gorogoro ni kilo mbili atagawanya haraka na kupata Sh130 kwa kilo, kisha amchague wa kwanza.

Lakini mikebe ikiletwa darasani na kujazwa maharagwe hadi ukingoni, kisha maharagwe hayo yakapimwa, huenda ikabainika kwamba mmoja wao kitako chake kimebonyezwa ndani na unabeba kilo moja na robo tatu tu. Hapo bei halisi inakuwa karibu Sh149 kwa kilo, na ushindi unahama. Hakuna aliyekosea kugawanya. Kilichokosewa ni kuamini kipimo bila kukipima. Mtoto aliyeligundua hilo kwa mikono yake atakuwa mnunuzi mwangalifu, na siku moja mkulima asiyedanganywa uzani wa kahawa, makadamia au majani chai.

Kazi ya mwalimu

Ni kosa kudhani kuwa njia hii inampunguzia mwalimu kazi. Anapaswa kuandaa tatizo lililo gumu kiasi cha kufikirisha na jepesi kiasi cha kufikiwa. Anapaswa kujua majibu kadhaa yanayoweza kutokea, na kustahimili kutoyatamka. Silaha yake kuu ni maswali machache: Umejuaje? Je, kuna sababu nyingine? Ni nini kingekufanya ubadili mawazo? Mwenzako amesema tofauti. Nani ana ushahidi zaidi?

Anapaswa vilevile kujua wakati wa kufundisha moja kwa moja. Mtoto asiyejua kusoma mizani au kuchora jedwali hawezi kuyavumbua hayo peke yake; aonyeshwe kwanza. Kumwacha akihangaika bila maarifa ya msingi si kumfikirisha, bali ni kumtelekeza. Ustadi wa mwalimu umo katika kutambua lipi la kuambiwa na lipi la kutafutwa.

Vyuo vya ualimu vya eneo hili, vikiwemo Kigari kilichoko Embu pamoja na Egoji na Meru katika Kaunti ya Meru, vina jukumu kubwa hapa. Tangu mwaka 2021 mafunzo ya walimu wapya wa shule za msingi yamepandishwa kutoka cheti cha P1 hadi stashahada. Lakini mwalimu hufundisha alivyofundishwa. Mkufunzi anayesoma imla kuhusu faida za kujifunza kwa vitendo anawafundisha wanafunzi wake imla.

Lugha ya kuwazia

Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu imependekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza ya shule. Sera hiyo ina uzito wa pekee katika somo la fikra. Mtoto anaweza kukariri sentensi ya Kiingereza asiyoielewa, lakini hawezi kuitumia kubishana. Akiulizwa kwa nini udongo wa mteremko umesombwa na mvua, atatoa sababu tatu kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na pengine atanyamaza kwa Kiingereza. Ukimya huo mara nyingi hudhaniwa kuwa ujinga. Mwalimu mwenye busara huruhusu mjadala katika lugha wanayoimudu, kisha huwasaidia kuyaandika matokeo katika lugha ya silabasi.

Utamaduni wa eneo hili haukosi mizizi ya kulea fikra. Wazee wa Njuri Ncheke wa Meru wanajulikana kwa kusikiliza pande zote kabla ya kutoa uamuzi. Vitendawili na michezo ya aina ya bao humzoeza mtoto kutazamia hatua inayofuata. Hata chama cha 4-K, ambacho jina lake ni ufupisho wa Kuungana, Kufanya na Kusaidia Kenya, na ambacho serikali ilikizindua upya mwaka 2021, kinaweza kuyageuza mashamba ya shule kuwa maabara, mradi watoto waulize na kulinganisha badala ya kulima tu.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni wingi wa wanafunzi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni kwa mwaka mmoja, na madarasa mengi ya umma hayajapata nafuu. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 anaweza kuwagawa katika vikundi kumi, lakini hawezi kuvisikiliza vyote kwa dakika 35. Baadhi hupunguza mzigo kwa kusikiliza vikundi vitatu kila kipindi na kuwapa wengine kazi ya kuandika.

Kikwazo cha pili ni wingi wa masomo. Jopokazi lililoongozwa na Prof Raphael Munavu lilipendekeza mwaka 2023 kwamba masomo ya Gredi ya Nne hadi ya Sita yapunguzwe hadi manane. Pendekezo hilo ni la maana kwa mada hii, kwa sababu fikra huhitaji muda na silabasi iliyofurika huua maswali.

Cha tatu ni mradi unaofanywa na mzazi. Kazi za nyumbani zinazodai picha za kuchapishwa na vifaa vya kununuliwa zimelalamikiwa sana, hasa na familia zinazotembea mwendo mrefu kufika kwenye duka la intaneti. Mzazi anapotengeneza kielelezo usiku wa manane ili mtoto apate alama, shilingi zimetumika na fikra haikutumika. Mradi bora ni ule unaotumia kilichopo nyumbani na ambao mtoto anaweza kueleza kila hatua yake.

Kupima kisichokaririka

La mwisho, na pengine zito kuliko yote, ni upimaji. Katika utaratibu uliotumiwa kwa kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi, lililoingia sekondari pevu Januari 2026, KPSEA ya Gredi ya Sita ilichangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya Tisa asilimia 60. Palipo na nafasi haba za shule, mtihani ndio unaofundisha. Swali likiuliza "Ni dawa ipi ya asili huzuia fukusi?" watoto watakariri neno majivu. Likiwapa jedwali la chupa mbili na kuuliza kwa nini matokeo yake hayaaminiki, watalazimika kuwaza, na walimu watalazimika kuwafundisha kuwaza.

Mzazi naye hahitaji shahada ili kusaidia. Mtoto akirudi na kauli kwamba muguka unaongeza nguvu, au kwamba dawa fulani inatibu magonjwa yote, amuulize kwa upole amejuaje, na nani ananufaika watu wakiamini hivyo. Kisha mtoto naye aruhusiwe kumuuliza mzazi swali hilohilo bila kuonekana mkosa adabu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Shule itakayomfundisha mtoto kufungua mdomo darasani ilhali nyumbani unafungwa, itakuwa inajaza mkebe uliotoboka.